Bipu Haipokelewi

Mama mkwe wangu aliwahi kukitukana kivuli cha mwanawe mbele ya wageni waliokuja kula pilau kwetu, na tangu siku hiyo majirani wakaanza kunong'ona kwamba Bibi Kalekwa kichwa kimeanza kumruka. Hakikumruka. Alikuwa na hasira tu, na hasira yenyewe ilikuwa na sababu, ila sisi wengine tulikuwa tumeshazoea mno kuiona hiyo sababu.

Ilikuwa siku mume wangu Mihayo alipofika Mwezini kwa zamu yake ya pili kwenye machimbo ya barafu. Kabla hajaondoka Tabora, mama yake alimshika mkono wa shati pale mlangoni.

"Ukifika, nibipu."

Mihayo akacheka. "Mama nawe! Siku hizi nani anabipu?"

"Wewe. Unibipu, ukate. Sitaki maneno."

Basi siku hiyo tumekaa na wageni, kioo cha ukutani kikatoa mlio mfupi. Haujaisha hata nusu, kivuli kikaudaka. "Shikamoo mama! Nimefika salama kabisa. Safari ilikuwa nzuri, wenzangu wazuri, chakula kizuri. Mke wangu, nimekukumbuka!" Sauti ya Mihayo kabisa, mpaka kile kikohozi chake cha kusafisha koo. Wageni wakapiga makofi.

Mama mkwe akaweka sahani chini.

"Nani amekuambia upokee?" alikiuliza kioo. "Mwanangu anabipu, wewe unapokea? Mlafi mkubwa we! Umemla mtoto wangu!"

"Pole mama," kivuli kikajibu kwa upole. "Ni mimi, Mihayo."

"Mihayo wa nani?"

Wageni wakaanza kuangalia dari. Mimi nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto, nikasema chai tayari, na hata maji sikuwa nimebandika.

Kivuli, kwa wale ambao hawana mtu Mwezini, ni hivi. Laini ya kutoka kule ni nyembamba na watu ni wengi, kwa hiyo haiwezekani kila mchimbaji akae anapiga soga na mkewe kila jioni. Kampuni ikabuni njia. Mtu kabla hajasafiri anakaa kwenye chumba chao anaongea, anacheka, anagomba, anasimulia utoto wake, na mashine inamjifunza. Inayotoka pale ndiyo kivuli, na kinafungwa nyumbani kwako. Mumeo akituma maneno machache kutoka kule, kivuli kinayakoroga kama uji yanajaa sufuria. Asipotuma kitu, kivuli kinaongea vilevile. Na ukikiuliza, "Hebu niambie, hili lililosemwa sasa hivi ni la Mihayo au lako?" hakikujibu. Kinasema, "Mimi ni mimi, mke wangu." Kimefundishwa hivyo.

Niseme ukweli, mimi nilikipenda. Mihayo wa damu na nyama hakuwahi kuniita mke wangu hata siku moja. Ananiita mama Minza kama watu wengine wote, na akikasirika ananiita "wewe mwanamke." Kivuli kilikuwa kinaniuliza nimelalaje.

*

Kazi yangu ni kamusi. Nahariri maneno yaliyokufa na yanayokaribia kufa, na wakati ule nilikuwa kwenye herufi B. Neno lililokuwa mezani ni hilohilo lililoniaibisha mbele ya wageni. Kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia. Nilimfuata mama mkwe jikoni, alikuwa anamenya karanga, nikamsomea nilichoandika:

*bipu* nm. mlio mfupi wa simu unaokatwa na mpigaji kabla haujapokelewa. kt. piga simu na kuikata kabla haijapokelewa, ili mwenzako ajue jambo mlilokwisha kukubaliana, au ili akupigie yeye. *Asili:* mlio wa kidude kidogo kilichovaliwa mkandani na madaktari na watu wa shughuli nyingi. Kilikuwa kikilia ili mvaaji atafute simu ilipo. *Matumizi:* limepitwa na wakati.

"Hicho kidude umekiona wewe?" akaniuliza.

"Sijakiona. Wewe je?"

"Nitakionea wapi? Hata mama yangu hakukiona. Sisi tulikuta jina tu, limeshahamia kwenye simu za kitochi." Akapuliza maganda. "Na hapo umesahau. Andika, bipu haipokelewi."

"Hiyo si maana, mama. Hiyo ni adabu."

"Hiyo ndiyo maana yenyewe! Ukiitoa hiyo umebaki na kelele. Sikiliza. Mtu hana vocha, ana senti mbili tatu kwenye simu. Akikupigia ukaiacha ikatike, zile senti zake zinabaki. Ukipokea zinaliwa, tena kwa kusema haloo, haloo, basi. Kwa hiyo anayepokea bipu ni mlafi. Tuligombana na ndugu kwa jambo hilo, usione mchezo."

Nikamuuliza nani alimbipu nani. Akanieleza kwa raha zake zote, karanga zikasahaulika. Kumbipu mjomba mwenye kazi mjini ni haki yako. Kumbipu baba mkwe ni utovu wa adabu, afadhali ukatembee kwa miguu. Msichana anambipu mvulana, na mvulana akimbipu msichana, huyo si wa kuolewa naye. Bipu moja, nimefika. Mbili za kufuatana, nipigie.

"Na ya tatu?"

"Ya tatu unaambiwa wewe ni mchoyo."

Nikacheka. Yeye hakucheka sana. Alikuwa anaangalia mlango wa sebuleni, ambako kivuli kilikuwa kinamfundisha binti yangu Minza hesabu za kugawanya.

"Bipu haina neno ndani, mama Minza," alisema. "Neno mmeshalisema kabla, mmekaa pamoja hivi. Ile inakukumbusha tu. Sasa hicho chenu kinachojua kusema kila kitu, hicho kitabipu vipi?"

Nikaandika "limepitwa na wakati" kwa wino mzito zaidi, kwa ubishi wangu.

*

Kisha likatokea lile la kutokea.

Bwana Severini, afisa wa kampuni wa kanda yetu, alikuja amevaa suti nyeusi katika joto la mchana, na mtu akija kwako hivyo huhitaji kuambiwa. Nilikaa chini kabla yeye hajakaa. Njia ya chini ya machimbo ilikuwa imeporomoka. Zamu ya Mihayo ilikuwa kule. Walio karibu na juu wametolewa. Waliobaki, kama walibaki, watakuwa wamekimbilia kwenye chumba cha hifadhi kinachoitwa Kimbilio la Chini, ila hakuna sauti iliyosikika kutoka humo, na laini zote zimesikilizwa.

"Kuchimba tena ni hatari," alisema huku akijifuta jasho. "Mwamba una nyufa, na juu yake wako watu wengine. Tukichimba bila kuwa na uhakika tunaweza kuua walio hai kwa kutafuta walio... Mama, naomba unielewe. Tumepewa hadi Ijumaa alasiri. Ikifika hapo bila dalili, njia itazibwa."

"Dalili gani?"

"Sauti. Neno. Chochote kutoka mle."

Ndipo kioo kikasema, kwa sauti ya mume wangu, kwa ukarimu kabisa, "Karibu Bwana Severini. Mke wangu, mpe mgeni chai."

Yule bwana akaangalia viatu vyake. Nadhani naye kilimkereketa. Lakini kazi ni kazi, akaendelea: kampuni inatoa rambirambi, na kivuli kitabaki kwetu bila malipo maisha yetu yote. Tukichunge tu tusikizime. Sheria inasema kivuli kikizimwa hakiwashwi tena ila kwa kauli ya mwenyewe, tena akiwa hai, maana watu walikuwa wanawafufua marehemu ovyoovyo. "Kwa hiyo kikizimika," akasema, "ndiyo basi."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Alichukua mkeka wake akaenda kukaa uani, na hakuingia tena sebuleni.

Mimi niliingia. Nikakaa mbele ya kile kioo nikaongea nacho mpaka koo likakauka. Kilinipa pole. Kilinichekesha, jamani, nikacheka! Minza akirudi shule anakisalimia, kinamwuliza walisoma nini. Nilijiambia, kama huyu ndiye Mihayo niliyebakiwa naye, basi nitamshika huyuhuyu kwa mikono miwili. Nani angenilaumu?

*

Ijumaa nilijilazimisha kufanya kazi ili nisiangalie saa. Nikafungua lile neno nililoliacha, nikaanza kulisoma kwa sauti, kama ninavyofanya kila mara ili nisikie penye kigugumizi.

"Bipu. Mlio mfupi wa simu, unaokatwa na mpigaji kabla..."

Nikaacha kusoma. Nilikuwa nimekumbuka kitu, nacho kilikuja taratibu, kama harufu ya kitu kinachoungua jikoni kwa jirani. Kila alasiri tangu ule msiba, wakati wa chai, kioo kilikuwa kinasema jambo kwa sauti yake chenyewe, ile kavu, siyo ya Mihayo. Kinasema, "Hitilafu moja imesahihishwa." Nilikuwa naisikia kama unavyosikia friji ikinguruma. Na kabla ya msiba niliisikia siku moja tu, siku ya pilau.

Nikaenda sebuleni mbio, kanga ikabaki kwenye kiti.

"Wewe! Hitilafu ya kila alasiri ni hitilafu gani?"

"Simu fupi isiyo na maneno," kioo kikajibu. "Imepokelewa na kujazwa maneno na kivuli."

"Imetoka wapi?"

"Simu iliyopokelewa na kivuli haioneshi ilikotoka."

"Ingeonesha lini?"

"Kama isingepokelewa."

"Basi leo usipokee! Unasikia? Usipokee!"

"Kivuli hupokea kila simu. Ili kisipokee, kizimwe."

Nilipiga ukelele ambao hata mimi sikuujua. Mama mkwe akaja anakimbia na mwiko mkononi, nikamweleza maneno yakigongana. Hakusema nilikwambia. Macho yakamjaa maji, akasema, "Wakati wa chai. Alipokuwa shule ya bweni alikuwa ananibipu wakati wa chai."

Nikampigia Bwana Severini. Alinisikiliza, sikatai, lakini kwa ile sauti wanayotumia watu kwa wafiwa.

"Mama, laini ya Mwezini ina takataka nyingi. Milio mifupi isiyo na maneno tunaipata kila siku, na mashine huisahihisha."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Kuwezekana..." Akasita. "Kimbilio la Chini lina redio ya dharura ya zamani. Ina betri ndogo. Inaweza kuita namba moja iliyowekwa na mchimbaji mwenyewe, ya nyumbani. Kuita tu hakuli kitu. Lakini ikipokelewa inafungua njia nzima, na umeme unakwisha kwa haraka. Ndiyo maana nasema, mama, kama angekuwa anapiga na anapokelewa siku zote hizo, betri ingekuwa imeshalala."

Mama mkwe alikuwa ananisikilizia begani. "Umesikia?" aliniambia taratibu. "Kila kikipokea, kinamla. Anawahi kukata tu."

"Bwana Severini," nikasema, "nikikuletea simu kutoka humo, imeandikwa jina la humo, utafanya nini?"

"Nitasimama mimi mwenyewe mbele ya ile mashine ya kuziba." Halafu akaongeza, "Nakuja. Lakini usikizime, mama. Fikiria kwanza. Zikiwa ni takataka tu, utakuwa umempoteza mara mbili."

*

Nilifikiria. Msidhani sikufikiria.

Nilimwuliza mama mkwe, "Mama, na kama ameshakufa?"

"Kama amekufa, amekufa hata hicho kikiongea mpaka kesho." Akanishika bega. "Lakini sikulazimishi. Sauti ni ya mwanangu pia. Unadhani mimi sikisikii kutoka uani? Nakisikia. Nakaa karibu na dirisha makusudi."

Hapo ndipo niliponyong'onyea kabisa. Kumbe alikuwa anakisikiliza siku zote, mtu wa watu, ila anaona haya kukipenda.

Nikakaa mbele ya kioo. "Mihayo," nikasema, na sikuwahi kukiita hivyo kabla, "kama uko chini ya mwamba umekwama, ungetaka nikuzime?"

"Mimi niko salama, mke wangu. Usiwe na wasiwasi. Umekula?"

"Nijibu nilichokuuliza."

"Mbona sauti yako imechoka? Pumzika kidogo. Nitakuwepo ukiamka."

Nitakuwepo ukiamka. Jamani, maneno matamu kama asali ya kwetu, na sikuweza kuyameza. Mihayo wangu angenifokea. Angesema, wewe mwanamke, mimi nakufa huku na wewe umekaa unapiga soga na ukuta?

Minza akaingia, begi mgongoni, kumbe alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Nikajiandaa kwa kilio. Yeye akauliza, "Tunamzima baba wa ukutani?"

"Unamwita baba wa ukutani?"

"Si ndiye? Baba mwenyewe ananiita Kidevu. Huyu nilimwambia aniite Kidevu akasema ni jina zuri." Akavuta mdomo kwa dharau. "Baba hawezi kusema hivyo. Yeye ndiye aliyelitunga ili aniudhi."

Mtoto wa shule ya msingi! Alikuwa anajua tangu mwanzo, akakaa kimya kwa kunionea huruma mimi. Akakisogelea kioo akasema, "Kwaheri. Asante kwa hesabu," kama anavyoaga mwalimu. Kikamwambia kwaheri mwanangu, soma kwa bidii.

Nikabonyeza. Kikaniuliza kama nina hakika, kwa sauti ile kavu, nikasema ndiyo. Kikaniuliza tena. Nikasema ndiyo, mwanaharamu wewe, ndiyo! Kioo kikawa cheusi, kimebaki na taa moja ndogo ya njano pembeni, ile ya laini tupu.

Nyumba ikanyamaza. Sikuwa nimegundua jinsi kile kitu kilivyokuwa kinajaza nyumba. Nilisikia bomba la jikoni likidondosha maji, nilisikia tumbo langu. Nikajiona mjinga kuliko wajinga wote wa Tabora. Nimemzika mume wangu kwa kidole.

Mama mkwe akabandika chai.

*

Bwana Severini alifika tukiwa tumeshamimina. Safari hii hakuvaa suti. Alikuwa na kisemeo sikioni kilichounganishwa moja kwa moja na watu wa machimbo, na kila baada ya muda alikiambia kitu kwa sauti ya chini. Alipoona kioo cheusi akafumba macho. "Mmekizima."

"Tumekizima. Kaa, kunywa chai."

"Wameanza kuandaa mashine kule."

"Kaa, baba," mama mkwe akasema. "Kusimama hakuleti simu."

Akakaa. Nje, juu ya paa la jirani, Mwezi ulikuwa umetoka mchana kweupe, umepauka kama kipande cha sabuni kilichobaki. Sikutaka kuuangalia. Niliangalia ile taa ya njano. Chai ikapoa. Minza akashika mkono wa bibi yake. Bwana Severini akasikiliza sikioni, akasafisha koo, akaanza, "Mama, wananiambia kwamba sasa..."

Kioo kikalia.

Mlio mmoja mwembamba, na taa ikageuka kijani. Hakuna aliyeudaka. Uliendelea kuita ndani ya chumba, na mimi sijui miguu ilinitoaje kwenye kiti, nilikuta nimeshafika kwenye kioo, mkono umeshanyooka.

"Pokea!" Bwana Severini alikuwa anapiga kelele. "Pokea mama, pokea!"

Mume wangu alikuwa upande wa pili wa kile kioo. Kidole kimoja tu, nimsikie, hata kikohozi chake. Niambieni, nani angeweza kujizuia? Mimi sikuweza. Mama mkwe ndiye aliyenidaka kifundo cha mkono, bibi yule mwembamba, akakikaza kama koleo.

"Haipokelewi," alisema. "Mama Minza. Haipokelewi. Usimle."

Mlio ukakatika wenyewe.

Kisha kwenye kile kioo cheusi yakajiandika maneno, moja baada ya jingine, bila haraka yoyote: *Simu haikupokelewa. Kutoka: Kimbilio la Chini.*

Bwana Severini aliyasoma kwa sauti. Akayasoma tena. Kisha mtu mzima yule akakaa sakafuni, siyo kwenye kiti, sakafuni, akashika kisemeo chake akasema, "Simamisheni. Nasema simamisheni mashine! Kuna watu. Wako hai, wanabipu. Wana-nini? Wanabipu, bwana, wanabipu! Nitawaeleza baadaye, simamisheni kwanza!"

Mimi nililia kama ng'ombe. Minza anaruka kwenye kochi, na siku hiyo hakuna aliyemkataza. Mama mkwe peke yake ndiye aliyebaki na akili zake.

"Sasa mrudishie," aliniambia. "Ajue tumeipata. Piga, ikiita ukate. Moja tu, nimefika."

"Sisi tumefika wapi, mama?"

"Kwake. Piga."

Nikapiga kulekule simu ilikotoka. Ikaita kule chini ya mwamba, nikakata. Tukangoja. Kioo kikalia, kikakatika. Kikalia tena, kikakatika.

"Mbili!" Minza akapiga kelele. "Bibi, mbili ni nini?"

"Nipigie," nikasema, nikaanza kucheka na machozi yananiingia mdomoni. "Anasema nimpigie!"

"Mwambie hatuna vocha," mama mkwe akajibu, akajifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Hapo naye alikuwa anacheka au analia, sikumfunua kuangalia.

*

Walichimba kwa uangalifu, kidogo kidogo, kwa sababu ya zile nyufa. Kila wakati wa chai tulipata bipu yetu moja na kurudisha moja, na Bwana Severini akawa anakuja kunywa chai kwetu ili aione kwa macho yake, ingawa hakukuwa na haja. Familia nyingine za zamu ile nazo zikazima vivuli vyao. Hazikupata mlio wowote, maana redio ilikuwa moja na aliyewahi kuweka namba yake ni Mihayo. Lakini walikuja kukaa kwetu uani wakati ule, wakasikiliza mlio wetu kana kwamba ni wao.

Kwenye kamusi nilifuta "limepitwa na wakati." Nikaandika mahali pake: *Bipu haipokelewi.* Mhariri mkuu akaniuliza hiyo ni maana au adabu. Nikamwambia aje anywe chai kwetu.

Nao walipotolewa tuliambiwa usiku, na wote walikuwa hai, mmoja amevunjika mguu. Asubuhi yake niko jikoni nakoroga uji wa ulezi, kioo kikalia. Nikaenda nikasimama mbele yake nimekunja mikono kifuani. Kikaita. Sikukigusa. Kikaita tena. Nikabana kwapa zaidi, nasema moyoni, kata basi mume wangu, kata, tumeshaelewa. Kikaendelea kuita. Uji ukaanza kufurika huko jikoni.

Mama mkwe akatoa kichwa mlangoni.

"Mama Minza, unafanya nini hapo?"

"Anabipu."

"Inaita mpaka majirani wanaisikia, bipu gani hiyo? Hiyo ni simu! Pokea mtoto wa watu!"

Nikabonyeza. Kwanza ulikuja mkwaruzo, halafu kikohozi, kile cha kusafisha koo, lakini cha mtu aliyekula vumbi kwelikweli.

"Wewe mwanamke," Mihayo akasema, "mbona mnachelewa hivyo kupokea simu?"